UZI: Ohio State msimu wa 2024. Bingwa wa taifa aliyefungwa nyumbani na mtani wake

Kipanga614 | 25 Januari 2025

Wakuu, habari za wikiendi.

Huu uzi niliuahidi kule kwenye jukwaa la michezo tangu Novemba, nikawa naukwepa kwa sababu nilikuwa na hasira. Sasa naweza kuandika. Jumatatu usiku tarehe 20, pale Atlanta, Ohio State kamfunga Notre Dame 34-23 na kawa bingwa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, mara ya kwanza tangu msimu wa 2014.

Mimi naishi Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu. Siku za kazi nipo ghalani napanga mizigo, wikiendi naendesha teksi za kuitwa kwa simu. Leo asubuhi abiria wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kizungu, koti jekundu, kofia ya timu. Nikampongeza kwa ubingwa. Akashukuru, akanyamaza mpaka taa za barabarani za tatu, halafu akasema: "Lakini Michigan katufunga mara nne mfululizo."

Michigan ndiye mtani wao, chuo cha jimbo jirani. Siku tano tu tangu wachukue kombe, wakuu! Ndiyo maana nikaona niandike.

Kwa wasioujua mji huu: Columbus ndiyo makao makuu ya jimbo, lakini timu ya futiboli ya kulipwa haina. Ukiitaka nenda Cleveland au Cincinnati. Kwa hiyo mapenzi yote yamemwagwa kwa timu ya chuo. Uwanja wao una umbo la kiatu cha farasi na unaingiza watu 102,780. Chukua Uwanja wa Mkapa uliojaa, halafu watafutie viti watu wengine elfu arobaini na zaidi. Hicho ni chuo, siyo klabu.

Na msimu huu ulianza watu wameshajigawia ubingwa, kwa sababu ya usajili walioufanya. Naendelea chini.

---

Mlalahoi wa Tandika | 25 Januari 2025

Mkuu kaa hapo hapo kwanza. Chuo kinasajili? Hao ni wanafunzi au ni Yanga?

---

Kipanga614 | 25 Januari 2025

Mlalahoi, swali zuri. Zamani mwanafunzi akipokea hata chakula cha bure kisichoruhusiwa alifungiwa. Julai 2021 mambo yakabadilika, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Juu ya hapo kuna dirisha la uhamisho, mchezaji anajiandikisha tu na vyuo vingine vinaanza kumpigia simu. Mkurugenzi wa michezo wa Ohio State, Ross Bjork, alisema mwenyewe hadharani kwamba kikosi cha 2024 kiligharimu kama dola milioni 20 za namna hiyo.

Wakamleta Will Howard kutoka Kansas State awe kwotabeki (yule anayepokea mpira nyuma ya ukuta na kuurusha). Wakamleta mkimbiaji Quinshon Judkins kutoka Ole Miss. Kutoka Alabama, baada ya kocha Nick Saban kustaafu, wakachukua beki Caleb Downs na nguzo ya katikati ya ukuta, Seth McLaughlin. Kutoka sekondari akaja kijana mmoja wa Florida, Jeremiah Smith. Huyo mkumbuke.

Ila kilichonigusa mimi siyo waliokuja, ni waliokataa kuondoka. Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson. Wote waliingia chuoni 2021, na wote wangeweza kwenda ligi ya kulipwa mwaka mmoja kabla. Wakabaki, na kilichowabakiza kilijulikana na kila mtu hapa, kwamba tangu waingie hawajawahi kumfunga Michigan.

Ohio State ana utaratibu wake tangu 1934. Ukimfunga Michigan, unapewa suruali ndogo ya dhahabu, kidani cha ukubwa wa ukucha. Timu nzima inapewa, hata asiyecheza. Hao wakongwe walikuwa hawana hata moja. Sawyer ni mtoto wa hapa hapa, kakulia kitongoji cha Pickerington. Fikiria unakwenda dukani kwenu kila siku na watu wanajua huna suruali.

---

BintiPwani | 25 Januari 2025

Hahaha, "huna suruali". Nimecheka hadi mama kaniuliza kulikoni.

Huku kwetu Mombasa mchezaji wa timu ya chuo akipewa nauli na soda anashukuru Mungu. Kipanga, endelea bwana, lakini tafadhali tuelezee kidogo huo mchezo. Mimi hujua tu wanagongana.

---

Kipanga614 | 25 Januari 2025

Kwa ufupi BintiPwani: una majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ukifaulu unapewa mengine manne. Ukivuka mstari wa mwisho ni tachidauni, pointi 6, na teke la nyongeza pointi 1. Ukikwama karibu, unaweza kupiga kwa mguu katikati ya milingoti upate 3. Hayo yanakutosha kwa huu uzi.

Haya. Akron 52-6. Western Michigan 56-0. Marshall 49-14. Hizi ni mechi za kununuliwa, timu ndogo inalipwa ije ipigwe. Michigan State 38-7, Iowa 35-7. Mji ukalewa.

Oktoba 12 wakaenda Oregon. Hii niliitazamia mgahawa mmoja wa Wasomali kwenye Cleveland Avenue, chai ya maziwa na sambusa. Columbus ina Wasomali wengi sana, na wapo Wasomali Wabantu wanaoongea Kiswahili safi kuliko baadhi yetu, ndipo mahali ninapopumulia. Mpaka mwisho Oregon anaongoza 32-31, Ohio State ana mpira, anatafuta tu kusogea ampe mpiga mguu nafasi. Sekunde 10. Oregon wakaingiza watu 12 uwanjani badala ya 11. Pasi ikakosa mtu. Mwamuzi akawapa Ohio State yadi 5 za adhabu, lakini sekunde 4 zilikuwa zimekwenda na hazirudishwi. Ujanja mtupu, na siku chache baadaye sheria ikarekebishwa. Zikabaki sekunde 6. Howard akakimbia na mpira, akajitupa chini ili aombe muda usimamishwe, saa ikawa imesoma sifuri. Mzee mmoja mle mgahawani, anayejifanya haujui mchezo huu, akauliza: "Kwani hana saa huyu?"

Kwenye mechi hiyo hiyo Josh Simmons, mlinzi wa upande wa kushoto wa ukuta, akaumia goti, msimu wake ukaishia pale. Nebraska wakaja Columbus wakaponea chupuchupu kutufunga, 21-17. Novemba 2 tukaenda Penn State, kwa mashabiki zaidi ya laki moja. Howard ni mzaliwa wa jimbo hilo la Pennsylvania na chuo hicho hakikumtaka. Akaanza kwa kurusha pasi iliyodakwa na kurudishwa tachidauni. Ila dakika za mwisho Penn State wakiwa yadi 3 tu kutoka mstarini, wakajaribu mara nne na mara zote nne wakazuiwa. 20-13.

Purdue 45-0, Northwestern 31-7. McLaughlin naye akachanika kano ya kisigino mazoezini. Indiana, aliyekuwa hajafungwa na mtu, akala 38-15, Downs akirudisha teke la Indiana yadi 79. Ohio State namba 2 nchini. Imebaki mechi moja.

---

Mwana-Kivu | 25 Januari 2025

Ndugu zangu, miye niko Grand Rapids, Michigan, na wandugu Wakongomani tuko wengi huku. Nimesoma uzi wote kwa utulivu. Kipanga, usirukeruke. Fika Novemba 30. Tunakungoja pale.

---

Babu Kigoda | 25 Januari 2025

Nimevuta kigoda.

---

Kipanga614 | 26 Januari 2025

Mwana-Kivu nilijua tu utatokea.

Wiki ya Michigan hapa chuoni wanaweka mkanda mwekundu juu ya herufi M kwenye vibao vya majengo. Kweli kabisa, ukipita unaona maneno yana msalaba katikati. Na safari hii Michigan alikuja hoi, ameshinda 6 na kufungwa 5, bingwa wa mwaka uliopita aliyepoteza kocha na karibu kikosi kizima. Nyota wake wawili wakubwa, Will Johnson na Colston Loveland, hawakucheza. Wacheza kamari walikuwa wanampa Ohio State ushindi wa pointi kama 20.

Saa 6 mchana, baridi kali. Kipindi cha kwanza Howard akarusha pasi ikadakwa, Michigan wakawekwa yadi 2 kutoka mstarini, wakaingia. Mapumziko 10-10. Na kipindi cha pili, wakuu, timu ya dola milioni 20 haikupata pointi hata moja. Ukuta wa mbele una majeruhi wawili, katikati kwa Michigan wamesimama Mason Graham na Kenneth Grant, mibuyu miwili, na benchi letu likaendelea kuagiza mbio za katikati. Tukagonga, tukarudi. Tukagonga tena. Nje kabisa, pembeni, amesimama Jeremiah Smith, mpokeaji bora kuliko wote nchini kwa macho yangu, anaangalia kama abiria aliyeachwa na basi. Yadi 77 tu za mbio timu nzima, mechi nzima. Mpiga mguu Jayden Fielding akakosa mara mbili. Zimebaki sekunde 45, Dominic Zvada wa Michigan akapiga mpira rahisi wa yadi 21. 13-10.

Halafu Michigan wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, juu ya nembo. Ngumi zikaanza, polisi wakapuliza pilipili. Vyuo vyote viwili vikatozwa faini ya dola 100,000.

Mimi nilikuwa barabarani. Nilimbeba mzee mmoja karibu na uwanja, shingoni ana mkufu wa baki. Hizi baki ni mbegu za mti wa jimbo hili, ndiyo jina la timu. Ukubwa wake ni kama komwe za bao lakini kahawia iliyokolea, inang'aa, na ina doa moja la rangi ya maziwa. Alikuwa anazihesabu kwa vidole kama tasbihi. Safari ya dakika 35 hakusema neno. Aliposhuka nikaona mkufu umebaki kwenye kiti. Nikamtumia ujumbe kupitia programu kwamba nimrudishie. Akajibu: "Kaa nao mpaka tumfunge Michigan."

Umening'inia kwenye kioo changu cha mbele hadi leo. Binti yangu amenikaba kila siku anataka achomoe moja akachezee bao.

---

Mwana-Kivu | 26 Januari 2025

Ahsante. Umeeleza kwa haki isipokuwa jambo moja. Umesema tulikuja hoi kana kwamba mlijifunga wenyewe. Hapana. Kwotabeki wetu Davis Warren alirusha yadi 62 mechi nzima, basi tulijua hatuna mkono, tukacheza kwa mabega. Kalel Mullings akakimbia yadi 116. Ile safari ya mwisho alichanja yadi 27 katikati ya watu wenu wenye mishahara. Kocha Sherrone Moore alijua atakachokifanya na ninyi mlijua atakachokifanya, na bado akakifanya.

Ya bendera sitetei. Mgeni hachomeki mti wake kwenye uwanja wa mwenye nyumba.

---

Mlalahoi wa Tandika | 26 Januari 2025

Mimi mwana Simba sina haja ya kuelezwa zaidi. Novemba 5, 2023 tulipigwa 5-1 na wale jamaa. Siku mbili baadaye kocha Robertinho kashapewa mkono wa kwaheri, na alikuwa hajapoteza mechi ya ligi msimu ule kabla ya hapo. Sasa huyu kocha wenu kafungwa na mtani mara nne, ya mwisho nyumbani, na timu ya bei mbaya namna hiyo. Bado yupo? Aliyemroga nani?

---

Kipanga614 | 26 Januari 2025

Anaitwa Ryan Day. Takwimu zake ni za ajabu, anafunga karibu kila mtu, lakini kwa Michigan ameshinda 1 na kufungwa 4. Kuna vichaa walifikia kutishia familia yake, nyumba ikawekewa ulinzi. Redioni wiki ile nzima watu wanapiga simu wanataka aondoke. Mimi mwenyewe, nikiri, nilikuwa miongoni mwa wanaosema afukuzwe, hapo mgahawani na chai mkononi.

Kilichomwokoa ni kalenda. Mpaka mwaka juzi waliokwenda kwenye mtoano wa ubingwa walikuwa timu 4 tu, na kipigo kama hicho mwishoni kilikuwa kinakuzika mzima mzima. Msimu huu zikaanza kwenda timu 12. Ohio State akapangwa wa 8. Akapata wiki tatu za kujitazama kwenye kioo. Wachezaji walikaa wenyewe na makocha, wakatukanana, wakalia, ndivyo walivyosimulia baadaye.

Desemba 21 usiku, Tennessee akaja Columbus. Hapa ndipo utajua mji ulivyokuwa umekufa moyo: wenyeji waliuza tiketi zao! Uwanja ule mwekundu ukawa na mabaka ya rangi ya machungwa kila upande. Nimebeba Watennessee usiku kucha, watu wastaarabu, wanatoa bakshishi nzuri.

Ohio State wakatoka kama waliofunguliwa kamba. Hakuna kugonga katikati. Mpira hewani, kwa Smith, bao. Robo ya kwanza inaisha 21-0. Mwisho 42-17.

Mwaka Mpya, California, Oregon tena. Oregon hajafungwa, 13-0, namba 1 nchini. Jaribio la tatu tu la Ohio State, Smith yadi 45, tachidauni. Kabla sijamaliza pilau yangu ya mwaka mpya ubao unasoma 34-0. Nikampigia simu mke wangu aje aone kama macho yangu ni mazima. Kaishia 41-21, Smith kamaliza na yadi 187. Kijana wa mwaka wa kwanza wa chuo!

Sasa jiulizeni na ninyi: huyu Smith alikuwepo Novemba 30 au alikuja na meli ya Desemba?

---

Shemeji wa Dallas | 26 Januari 2025

Nusu fainali niachieni mimi, nilikuwepo Arlington Januari 10, upande wa Texas, tiketi niliyonunua kwa pesa niliyokuwa nimemwahidi mtu mwingine kabisa. Tusizungumzie.

Mechi ilikuwa ngumu, siyo kama hizo anazosimulia Kipanga. Texas waliweka watu wawili kwa Smith mechi nzima na akapata pasi moja tu. Tukawazima. Zimebaki sekunde 29 kwenda mapumziko, sisi ndio kwanza tumesawazisha 7-7, Henderson akapewa kipasi kifupi cha kijinga, akapita na yadi 75. Watu tulikuwa bado tumesimama tunashangilia la kwetu.

Robo ya nne wanaongoza 21-14. Sisi tukafika yadi 1. Yadi moja, wakuu! Hatua moja ya mtu mzima. Kocha akaagiza mpira urushwe pembeni, mkimbiaji akadakwa nyuma, tukapoteza yadi 7. Jaribio la nne, Quinn Ewers akarudi nyuma kutafuta mtu, Sawyer akamfikia, akampiga mkono, mpira ukamtoka, ukadunda, na Sawyer huyo huyo akauokota akakimbia yadi 83. Mtu wa kilo zaidi ya 110. Nilimwona anapita mbele ya upande wetu, nasikia watu wanasema "mkamateni", kana kwamba tuko Kariakoo na kuna mwizi wa simu.

Na Ewers aliwahi kuwa Ohio State mwaka 2021. Yeye na Sawyer waliishi chumba kimoja. 28-14.

---

Babu Kigoda | 26 Januari 2025

Kumbe kikulacho kinaweza pia kuwa kilicholala kitanda cha pili.

---

Kipanga614 | 26 Januari 2025

Shemeji pole, na huyo uliyemwahidi pesa pia pole.

Fainali naipita haraka maana wengi mmeiona. Notre Dame, chini ya Marcus Freeman, aliyewahi kuchezea Ohio State, wakaanza kwa safari ya majaribio 18 iliyokula karibu dakika 10, bao. Baada ya hapo Howard akakamilisha pasi zake 13 za kwanza zote. 31-7. Nikaanza kutafuta funguo za gari, pesa iko barabarani. Notre Dame wakafufuka mpaka 31-23, na huku nimesimama mlangoni na koti mkono mmoja.

Jaribio la tatu, yadi 11. Timu yenye akili za Novemba 30 ingegonga katikati na kupiga mpira mbali. Howard akautupa juu, pembeni, kwa Smith aliyekuwa na beki mmoja tu. Yadi 56. Fielding, yule yule aliyekosa mara mbili, akapachika za mguu. 34-23.

Kwangu mimi mpira mmoja ule ulikuwa maelezo ya msimu mzima. Na ndiyo unaoniuma pia, kwa sababu ulikuwa unawezekana tangu Novemba.

Sasa swali la uzi. Wangemfunga Michigan halafu wakatolewa na Tennessee, Columbus wangefurahi zaidi au kidogo? Mimi nasema ubingwa ni mkubwa, ila haujaufuta mchezo ule.

---

BintiPwani | 26 Januari 2025

Mimi sikubali. Kombe ni kombe. Mwaka 2050 mtoto akifungua kitabu ataona bingwa wa 2024 ni Ohio State, hataona huzuni ya abiria wako. Nyinyi wanaume hupenda kukumbatia kipigo kuliko tuzo.

---

Mlalahoi wa Tandika | 26 Januari 2025

BintiPwani, wewe huna mtani mtaa wa pili. Kombe unaliangalia kwenye picha, mtani unapishana naye asubuhi ukienda kuchota maji. Mimi jirani yangu ana Yanga, mpaka leo akinisalimia ananyoosha vidole vitano. Salamu za kawaida tu, "mambo jirani", vidole vitano.

---

Shemeji wa Dallas | 26 Januari 2025

Nipeni mimi hilo kombe kama hamlitaki.

---

Mwana-Kivu | 27 Januari 2025

Miye nawapongeza kwa moyo. Ni mabingwa, hakuna ubishi. Lakini huku ghalani kwetu kuna Mmarekani mmoja, Jumanne asubuhi amekuja kazini na fulana mpya. Nyuma imeandikwa 13-10, basi. Hakuna neno lingine. Siku ya pili ya ubingwa wenu. Wote walielewa.

---

Mlalahoi wa Tandika | 7 Desemba 2025

Nafufua uzi. Kipanga uko wapi? Nimeona Novemba 29 mmemfunga Michigan kwake, kwenye theluji, 27-9. Mikosi imevunjika. Nimekuwa nikisubiri uzi mpya mpaka nimechoka.

---

Mwana-Kivu | 7 Desemba 2025

Hawezi kuja leo. Jana wamefungwa na Indiana fainali ya ukanda wao, Big Ten. Angalia matokeo, Mlalahoi: 13-10. Na mpiga mguu wao amekosa wa yadi 27 mwishoni.

---

Kipanga614 | 1 Januari 2026

Nipo, wakuu. Nilikuwa nangoja msimu uishe, na jana umeisha. Miami 24, Ohio State 14, huko huko Arlington kwa Shemeji.

Kwa hiyo hesabu ndiyo hii. Sawyer, Egbuka, Henderson na Howard wameondoka na ubingwa, wako ligi ya kulipwa, na suruali ya dhahabu hawana. Timu ya 2025 imepata suruali, kombe hakuna. BintiPwani na Mlalahoi mwaka jana mlibishana bure, safari hii tumeletewa na upande wa pili tuuonje.

Na nilichokiona mimi: usiku wa ubingwa honi zilipigwa mpaka usiku wa manane, kisha watu wakalala. Usiku wa Novemba 29 nilibeba abiria 14. Kila mmoja, nimesema kila mmoja, aliingia akiwa anacheka. Mmoja alinipa bakshishi ya dola 50 kwa safari ya dola 9.

---

BintiPwani | 1 Januari 2026

Na yule mzee wa komwe?

---

Kipanga614 | 1 Januari 2026

Kumbe umekumbuka. Kesho yake, Novemba 30, mwaka kamili, nilirudi pale nilipomshusha. Nikagonga. Alifungua akiwa na ndara na koti la nyumbani, akaniangalia kama mtu wa kukusanya madeni, mpaka nilipoinua mkufu.

Hakusema asante. Aliuchukua, akavaa miwani, akaanza kuhesabu pale pale mlangoni, baki moja moja, baridi inaingia ndani. Alipofika mwisho akarudia. Akaniambia zilikuwa 23, hapa ziko 22.

Nikamwambia ukweli, binti yangu ana bao lake nyumbani na lilikuwa na upungufu wa kete moja.